Black Rock, Tankwa au Loiyangalani: tamasha lipi la jangwani litakufaa?

Mtu akiniomba ushauri kuhusu matamasha ya sanaa ya jangwani, simwulizi kwanza ana pesa kiasi gani. Namwuliza kama anataka kutazama au anataka kufanya. Matatu ninayoyalinganisha hapa, yaani Burning Man ya Black Rock huko Nevada, Marekani, AfrikaBurn ya Tankwa huko Afrika Kusini na tamasha la Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, Kenya, yanafanana kwa jua, upepo na vumbi. Baada ya hapo kila moja lina mambo yake. Aliyelipa tiketi ya Burning Man akitegemea kukaa kitako aburudishwe atarudi ananung'unika kwamba hakukuwa na jukwaa kuu wala ratiba ya nyota, na hata soda ya kununua hakuiona. Naye atakayeshuka Loiyangalani na sanamu yake ya mbao begani atakuta shughuli ina wenyewe.

Nevada nilikwenda nilipokuwa naishi Marekani. Tankwa na Loiyangalani nilifika baada ya kurudi Mombasa, kwa hiyo nikisema safari fulani ni ghali, nasema kwa mfuko wa mtu wa huku.

Yanapofanyika

Burning Man ilianza mwaka 1986 katika ufukwe wa Baker Beach, San Francisco, pale Larry Harvey na Jerry James walipochoma sanamu ya mtu ya mbao, kimo chake kama mita mbili na nusu. Mwaka 1990 ikahamia Jangwa la Black Rock, kaskazini mwa Nevada, na huko iko hadi leo. Hufanyika kila mwaka kwa muda wa wiki moja hivi, ikimalizikia Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Mji mzima, Black Rock City, huchorwa juu ya sakafu ya ziwa lililokauka zamani za kale, ukakaliwa na watu wapatao 70,000, kisha ukang'olewa wote. Mitaa yake imepangwa kama uso wa saa uliokatwa kipande, na katikati husimama Mtu mwenyewe, akingoja kuchomwa usiku wa Jumamosi.

AfrikaBurn ni ya ukoo huohuo. Ilianza 2007 katika Tankwa Karoo, jimbo la Northern Cape, na hufanyika mwishoni mwa Aprili kuingia Mei. Wanafuata kanuni kumi za Burning Man alizoandika Harvey mwaka 2004, wakaongeza ya kumi na moja ya kwao: kila mmoja amfundishe mwenzake. Watu ni elfu kumi na ushei. Kwa miaka mingi mahali pao palikuwa shamba la Stonehenge. Siku hizi wana ardhi yao wenyewe, Quaggafontein, katika Tankwa hiyohiyo.

Tamasha la Utamaduni la Marsabit na Ziwa Turkana halina udugu na hayo mawili. Lilianza 2008 katika mji mdogo wa Loiyangalani, kusini mashariki mwa ziwa, na hukutanisha jamii 14 za Kaunti ya Marsabit: Waelmolo, Warendille, Wasamburu, Waturkana, Wadasanach, Wagabra, Waborana, Waburji na wengineo. Usilichanganye na Tobong'u Lore la Lodwar. Hilo ni la Kaunti ya Turkana, ng'ambo ya pili ya ziwa, na aliyekosea njia hapo amepoteza siku mbili.

Kufika

Kwa Mtanzania na Mkenya, Afrika Kusini imekuwa rahisi. Watanzania huingia bila viza kwa safari fupi zisizozidi siku 90, na Wakenya walipata nafuu hiyo Januari 2023. Kadi ya homa ya manjano usiiache nyumbani, Mkenya hasa. Marekani ni hadithi nyingine: ada ya dola 185 isiyorudishwa, mahojiano ubalozini, foleni ya miadi, na tangu katikati ya 2025 wamekuwa wakibana viza kwa nchi kadhaa za Afrika, Burundi na Tanzania zikiwemo. Hata uwe na tiketi ya Burning Man mkononi, ofisa wa viza haimshughulishi. Ndiyo maana huwaambia watu waanze na viza, tiketi baadaye.

Ukishafika Marekani, lakini, safari ya Black Rock yenyewe ni nyepesi kuliko unavyodhani. Unaruka hadi Reno, kisha ni kilomita kama 190 kwenda kaskazini kupitia Gerlach. Kinachochosha ni foleni ya langoni, na zaidi foleni ya kutoka, ambayo hula saa nyingi magari yakisogea hatua kwa hatua. Asiye na gari apande basi la Burner Express kutoka Reno au San Francisco. Lina njia yake ya kuingilia na kutokea, na hulipii kibali cha gari.

Tankwa si mbali na Cape Town, saa nne na nusu hivi au tano, lakini barabara ya R355 ina sifa mbaya na imeistahili. Kutoka Ceres hadi Calvinia ni kilomita takriban 250 bila mji hata mmoja, na sehemu kubwa ni changarawe. Mawe yake ni bapa, yana makali kama vigae, na hayatoboi tairi katikati. Hulipasua ubavuni, mahali ambapo fundi hawezi kuziba. Nenda na tairi la akiba lenye upepo, jeki uliyoijaribu ukiwa nyumbani, na mwendo wa kistaarabu. Ukikodi gari, soma mkataba kifungu kwa kifungu kabla ya kutia sahihi: magari mengi ya kukodi yana bima isiyogusa tairi wala vioo kwenye barabara zisizo na lami. Wengi hugawana gari watu wanne, na kwa mgeni hiyo ndiyo njia nzuri, maana safari ya kwenda ndiyo unapopata majirani wa kupiga nao kambi.

Loiyangalani imekaribia kuliko zamani. Lami inakufikisha kutoka Nairobi kupitia Isiolo mpaka Laisamis, na ukikunja kushoto hapo unaikuta barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, ule wenye mitambo 365 inayozunguka juu ya mawe meusi ya volkano. Njia ya Maralal na Baragoi inapendeza macho, ila ina historia ndefu ya wizi wa mifugo wa kutumia bunduki; waulize polisi na madereva wa huko siku hiyohiyo, usitegemee habari za mwaka jana. Usafiri wa umma baada ya lami ni wa kubahatisha. Mkiwa kikundi, kodini landkruza na dereva anayejua kaskazini.

Kutoa na kununua

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndipo wengi wetu huharibu hesabu.

Black Rock na Tankwa hakuna biashara. Ukishavuka lango, pesa ina kazi moja tu, kununua barafu. Msafiri husikia hivyo akafikiri kila kitu ni bure, akaenda na begi la mgongoni. Sivyo. Unakuja na chakula chako cha siku zote, maji yako, kivuli chako, taa yako, na takataka zako unarudi nazo, hadi ganda la njugu. Juu ya hayo unakuja na kitu cha kuwapa watu usiowajua. Wala si kubadilishana: ukipewa hudaiwi, ukitoa hudai.

Mtu wa pwani ana mtaji tayari. Tankwa nilibeba dele la shaba, vikombe vya kahawa visivyo na mkono, kahawa iliyosagwa pamoja na tangawizi kavu na hiliki, na kashata za njugu. Asubuhi za huko mwishoni mwa Aprili zina baridi ya kukunja vidole. Niliweka jiko la mkaa juu ya meza ya bati, kwa kuwa moto wa chini kwa chini umekatazwa, nikagonganisha vikombe kama wagonganishavyo wauza kahawa wa Mji wa Kale. Kufumba na kufumbua mkeka umejaa watu na mablanketi mabegani. Bwana mmoja alipiga funda, akakunja uso, akaonyeshwa kwamba kashata ndiyo sukari yake, akaomba kikombe cha pili. Kashata ziliisha kabla jua halijapanda. Kahawa ikaendelea, na kesho yake waliotangulia kunywa walikuja na wenzao, mmoja na rusks, zile biskuti ngumu za Kiafrikana, ambazo kwa kuchovya kwenye kahawa chungu hazina mpinzani.

Black Rock zawadi kama hiyo inamezwa. Kule kuna kambi zenye baa nzima, jiko la kulisha mamia, spika za kutikisa kifua, na kwa miaka ya karibuni pia kambi za matajiri wanaolipia kujengewa, kupikiwa na kufagiliwa, jambo linalowaudhi wakongwe na lenye haki ya kuwaudhi. Bado watu wema ni wengi kupita kiasi. Ila mgeni aliye peke yake hubaki mpokeaji asipojiunga na kambi mapema na kupewa zamu ya kazi. Usiende bila kambi. Nalisema hilo kwa Black Rock. Tankwa unaweza kupiga hema lako pembeni na bado ukajulikana kufikia siku ya tatu.

Loiyangalani ni kinyume. Pesa ina kazi, na ni aibu kujifanya haina. Wanawake wanauza shanga walizozitunga wenyewe, samaki wa ziwani anauzwa, gesti zinalipwa. Nunua kwa aliyetengeneza na usipunguze bei mpaka mtu akauza kwa shida. Picha ziombwe kwanza. Ukitajiwa bei ya picha kubali au weka simu mfukoni. Kupiga kwa kuvizia ndiko kunakoleta ugomvi.

Sanaa yenyewe

Kwa ukubwa Black Rock haina mwenzake. Uwanda ni mweupe na tambarare hadi macho yachoke, kwa hiyo sanamu ya ghorofa kadhaa unaiona kama kijiti, ukapiga pedali robo saa ndipo ujue imekuzidi nini. Baiskeli ni lazima. Usiku ndio wakati wake: kila kazi ina taa, na magari yaliyogeuzwa kuwa majoka, meli na konokono hupita polepole yakibeba watu. Jumamosi Mtu akichomwa ni kelele na fataki. Kilichonikaa mimi ni Hekalu. David Best alijenga la kwanza mwaka 2000, na tangu hapo kila tamasha hujengwa moja la mbao, watu wakaenda kuwaandika humo marehemu wao. Niliona viatu vya kazi vimepigiliwa msumari ukutani, soli zimelika upande mmoja, na chini yake barua iliyokunjwa. Likichomwa Jumapili, makumi ya maelfu ya watu huketi vumbini na huwezi kusikia neno. Kama una msiba ambao hujapata pa kuuweka, hilo peke yake ni sababu ya kwenda Nevada, viza ikiruhusu.

Tankwa kazi ni chache na ndogo zaidi, lakini unakutana na waliozijenga. Unakuta fundi bado anapigilia, anakupa nyundo. Sanamu kuu, The Clan, imetokana na michoro ya mapangoni ya Wasan, wawindaji wa kale wa kusini mwa Afrika: watu waliounganika mwili, vichwa mbalimbali. Na upepo una kura ya turufu. Mwaka 2014 kazi iitwayo Subterrafuge, minara mirefu ya mbao iliyojengwa kupinga uchimbaji wa gesi ya mwambani katika Karoo, haikuchomwa kwa sababu ya upepo, ikabidi ingoje mwaka uliofuata. Aliyezoea shughuli za kupangiwa saa atakereka. Pia anga: Sutherland, penye darubini kubwa ya SALT, iko upande huohuo wa Karoo, na wanasayansi hawakuchagua kujenga huko bure. Zima tochi yako, utaelewa.

Loiyangalani wengi huenda kwa ajili ya ngoma, na ngoma zenyewe ni za kuona: Wasamburu na Warendille wakiruka, Wadasanach na mapambo yao, nyimbo za Waelmolo wanaoishi kwa uvuvi. Mimi ningekushauri ufike siku moja kabla, wakati wanawake wa Kigabra na Kirendille wanajenga nyumba. Mama analeta fito zilizopindwa tayari, anazisimika, anazifunga kwa kamba, anatandaza mikeka ya katani na ngozi juu, naye hapimi kwa futi wala kamba. Anapima kwa mkono wake. Kabla ya adhuhuri nyumba imesimama. Siku ya kuhama fito hizohizo zinakuwa matandiko ya ngamia, mikeka juu yake, na pale palipokuwa na nyumba pamebaki mawe matatu ya jiko. Wale wa Black Rock hutembea wameinama siku nyingi baada ya tamasha wakiokota vishikizo na nyuzi ili wasiache alama. Mama huyu amezaliwa katika jambo hilo na hakuna aliyemwandikia kanuni.

Vumbi, maji na kulala

Vumbi la Black Rock ni la magadi. Hukausha midomo, hupasua nyayo, na maji matupu hayaliondoi. Nawa miguu kwa maji yenye siki kidogo kila jioni, na usitembee peku. Bila miwani ya kubana na kitambaa cha pua, dhoruba ikija utakuwa kipofu ulipo. Kikoi ni bora kuliko barakoa. Hema lifungwe kwa vigingi vya nondo ndefu, vikiwa vimefunikwa ncha, maana vile vya dukani vinang'oka usiku wa kwanza. Maji, waandaaji wenyewe hushauri lita tano na nusu na zaidi kwa mtu kwa siku. Na mvua ikinyesha hakuna gari linalotembea: mwaka 2023 udongo uligeuka gundi, lango likafungwa, maelfu wakakwama kwa siku kadhaa. Beba akiba ya chakula.

Tankwa mchana ni joto na usiku ni sweta mbili. Vumbi lake halichomi ngozi vile.

Loiyangalani ndiyo yenye joto la kweli, na usiku upepo unaoshuka kutoka Mlima Kulal unaweza kulibeba hema pamoja na mwenyewe. Lala gesti ukiipata, na uwahi kuweka nafasi kwa sababu vyumba vya mji mzima ni vichache. Ziwani kuna mamba. Wenyeji wanajua wapi pa kuoga, wewe hujui. Simu inashika na M-Pesa inafanya kazi, jambo ambalo Nevada na Tankwa huwezi kulitegemea.

Mambo ambayo watu wanaona haya kuyauliza

Ndiyo, Black Rock na Tankwa utaona watu uchi, na pombe hutolewa kwa ukarimu. Hakuna atakayekuvua nguo wala kukushikia bilauri. Ukisema hapana inatosha. Sheria za nchi hazikusimamishwa pia, na Nevada polisi wamo ndani wanazunguka, kwa hiyo mambo ya dawa za kulevya yaache kabisa, hasa wewe unayeishi kwa viza. Watoto wanaruhusiwa, na zipo sehemu za kambi za familia. Mimi sinywi na sikukosa chochote. Kwa swala, pakua programu ya kibla kabla hujaondoka. Mzazi anayetaka kwenda na wazee wake, au na mashemeji wasiopenda mshangao, Loiyangalani haina haja ya maelezo marefu.

Pesa, halafu uamuzi

Mwaka 2024 tiketi ya kawaida ya Burning Man ilikuwa dola 575, na kibali cha gari dola 150. Ongeza ndege, viza, baiskeli, maji, nondo, na siku za kuosha gari la kukodi lililoingia vumbi hadi kwenye redio. Tiketi ya Tankwa ni sehemu ndogo ya hiyo, na huwa kuna za bei nafuu kwa wenye kipato kidogo. Ndege ya Cape Town ndiyo itakayokuuma. Loiyangalani gharama ni gari na mafuta, mkigawana watu watano au sita inabebeka.

Kwa hiyo? Unayeishi Marekani au Kanada, nenda Black Rock ukiwa na kambi. Hakuna sababu ya kuvuka bahari kwanza. Unayeishi Dar, Mombasa, Arusha au Nairobi na una mikono inayopenda kujenga, kupika au kupiga ngoma na wageni, nenda Tankwa. Nitasimama hapo hata ukipewa tiketi ya Nevada ya bure, mradi ni mara yako ya kwanza, kwa sababu elfu kumi ni idadi ambayo mtu mmoja na dele lake bado anaonekana. Mpiga picha, mwalimu, mwanafunzi wa sanaa, au yeyote ambaye amezunguka dunia kabla ya kufika Marsabit, Loiyangalani ingemfaa kabla ya hizo mbili.

Tahadhari moja kwa wa Loiyangalani: tamasha hilo limekuwa likihamahama kwenye kalenda, miaka mingine Mei au Juni, mingine mwisho wa mwaka, na ipo miaka halikufanyika. Subiri kaunti itangaze tarehe, mpigie mwenye gesti ahakikishe, ndipo ulipe gari.